Mizizi ya Kilimani na Mizizi ya Mferejini

Likasi, Jumapili alasiri

Mama,

Umetoka sasa hivi kwenda kuagana na wenzako wa korali. Mama yako yuko uani, anapiga nguo zako pasi ya makaa, maana umeme umekatika tena, kana kwamba nao umeamua kukuaga kwa jeuri yake. Nina saa mbili, pengine tatu, kabla hujarudi. Kesho asubuhi utapanda basi la Lubumbashi kwenda chuoni, na mimi najijua: pale kituoni nitasema "chunga mizigo" na "ufike salama," basi. Ndiyo maana naandika. Barua hii nitakupa dirishani, basi likishawasha injini.

Mambo ya kula, kulala, kusali na kujihadhari na vijana, mama yako amekwambia wiki nzima mpaka hata mimi nimeyashika kwa moyo. Siyarudii. Mimi nina jambo moja tu. Linahusu mafurushi mawili yaliyo chini kabisa ya sanduku lako: moja limefungwa kwa kitambaa chekundu, jingine limo ndani ya mfuko wa plastiki. Usiyafungue kabla hujamaliza kusoma. Na ukifika katikati ukanikasirikia, una haki, lakini malizia.

Unajua kwa nini nakuita mama. Ulipozaliwa tulikupa jina la mama yangu mzazi, Ngoie, na kwetu mtoto aliyebeba jina la mzazi wako huwezi kumwita hivi hivi tu. Unamwita mama, na hata ukimgombeza unamgombeza kwa adabu. Nkambo wako, huyo mama yangu, alifurahi sana siku ile. Alikushika mapajani akawaambia watu, "Sasa tuko ba Ngoie babili. Mukikosa mumoja, mutashika mwingine." Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Unakumbuka siku ile ulipokuwa mwaka wa tano wa sekondari, ukarudi kutoka shule umejaa maneno ya kemia na biolojia? Tulikuwa mezani. Ukaniambia, "Papa, unajua cuivre, ile shaba, inauaka ba-microbe? Yenyewe tu, bila dawa. Ukitia maji mu chombo ya cuivre, ba-microbe banakufa." Nilisukuma sahani ya bukari nikatoka nje. Nikakusikia ukimwuliza mama yako, "Papa nimemukosea nini?" Hukunikosea kitu. Sikukujibu siku ile, na miaka miwili imepita sijakujibu. Leo nakujibu, na jibu lenyewe linaanzia kwa nkambo wako.

Wewe ulimjua akiwa amechoka. Mimi nilimjua akiwa na miguu. Alikuwa akitibu vidonda, basi. Hakutibu malaria, hakutibu utasa, hakumtafutia mtu bahati wala kazi. Nasema hivyo kwa sababu siku hizi ukipita kwenye kituo cha mabasi unamkuta yule bwana mwenye kipaza sauti, ana chupa moja inayoponya kifua kikuu, presha, minyoo na mume mkaidi, na watu wanapanga foleni. Nkambo wako asingemruhusu hata avuke kizingiti chake. Alikuwa akisema, "Minye najua kidonda tu. Ya ndani, enda ku hôpital."

Walimjia wachimba mawe wa Kakontwe, miguu imepasuliwa na mawe ya chokaa. Walimjia wavuvi waliochomwa na miiba ya samaki, na akina mama wenye watoto walioungua kwa maji ya moto. Dawa yake ilikuwa mizizi ya mti mdogo tuliouita mti wa maziwa, kwa sababu ukikata tawi linatoa utomvu mweupe. Aliiosha, akaikatakata, akaichemsha mpaka maji yakawa mekundu kama chai nzito. Akayaacha yapoe, akaosha kidonda, akafunga kitambaa alichokichemsha kwenye sufuria nyingine. Kesho yake mgonjwa anarudi, anaoshwa tena. Kila siku. Asiyerudi alifuatwa hadi kwake na kutukanwa mbele ya mke wake.

Alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja kamwe. Mti wa maziwa unaota kila mahali hapa kwetu, hata nyuma ya makaburi, hata kando ya njia ya reli. Lakini yeye alichimba mahali pamoja tu: kule kwenye kilima, upande wa kwenda ziwa Tshangalele, juu kabisa. Ni mwendo wa nusu siku kwa miguu. Nilipokuwa kijana nilimwuliza kwa nini ajitese hivyo. Akaniambia, "Muti inakunywaka, kama muntu. Ikikunywa mubaya, itakupa mubaya. Kule juu maji ya usine haiwezi kufika." Hayo ya maji ya kiwanda niliyachukulia kuwa maneno ya wazee tu, nikaendelea na mambo yangu.

Halafu magoti yake yakavimba. Wewe ulikuwa na miaka sita hivi. Kilima kikamshinda, akanituma mimi. Nilikuwa na baiskeli, nilikuwa na nguvu, nilikuwa na siku moja ya kupumzika kwa juma. Mara za kwanza nilikwenda. Nachimba, nafunga gunia, narudi jua likizama, mgongo umekufa.

Unajua nilifanya kazi kwenye kiwanda cha shaba, kwenye ukumbi ule ambamo shaba inagandia juu ya mabamba ndani ya matangi ya maji ya buluu. Nyuma ya ukuta wa kiwanda kuna mfereji unaotoa maji machafu. Kando ya mfereji huo ilikuwapo miti ya maziwa, mitatu au minne, imejikunyata lakini hai. Siku moja natoka kazini, poste ya usiku, macho yanawaka, nkambo wako amesema mizizi imekwisha. Nikaiangalia ile miti. Nikafikiria kilima. Nikachukua kipande cha chuma pale pale, nikachimba.

Niliosha mizizi mara mbili nyumbani ili asione udongo. Nikaikata mwenyewe vipande vidogo, kazi ambayo hakunituma, ili asiitambue. Akaniuliza, "Umeenda kilima lini?" Nikasema nimepewa ruhusa kazini. Akanibariki. Wiki mbili baadaye nilichimba tena pale pale, na mara hii hata sikufikiria. Basi ujue, mama: baba yako unayemwona anakaa benchi la mbele kanisani alimdanganya mama yake kwa sababu ya uvivu wa miguu. Sikuwa na shida yoyote kubwa ya kujitetea nayo. Natafuta na sioni.

Siku hizo alikuja mchimba mawe mmoja wa Kakontwe, Papa Kasongo, mrefu, mwenye kidonda cha ugoko. Alikuwa amezoea dawa ile. Nkambo wako alipommwagia, akaruka. "Mama, dawa ya leo inachoma! Ulitiamo pilipili?" Nkambo wako akamwambia avumilie. Lakini nilimwona akiinua sufuria, akanusa, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango akaitazama kwa muda. Halafu akanitazama mimi. Nikatoka kwenda kutengeneza mnyororo wa baiskeli, na mnyororo haukuwa na kasoro. Nilijiambia kwamba mizizi ni mizizi.

Na hapo ndipo akaja Profesa. Sitamtaja jina wala chuo alikotoka, kilikuwa mbali na hapa. Alikuwa akizunguka kukusanya miti ya dawa, ili ajue ipi inaua vijidudu kweli na ipi ni maneno tu. Kazi nzuri, nasema wazi, na ndiyo kazi unayoiendea wewe. Alikuwa mpole. Alikaa kwenye kiti cha plastiki uani kwetu, akala mihogo yetu, akamwuliza nkambo wako jina la mti kwa Kiluba, kwa Kibemba, kwa Kisanga, akaandika yote. Akapima jani kwa rula. Akauliza unachemsha kwa muda gani, maji kiasi gani. Mwishoni akaomba mizizi. Mizizi iliyokuwapo ndani ya nyumba ilikuwa ile yangu. Akaitia kwenye mfuko, akaandika juu yake jina la mti na "Likasi".

Likasi! Neno hilo moja tu, mama. Likasi ina vilima na ina mifereji. Ina mahali pa kunywa maji na ina mahali ambapo hata chura hakai. Mtu amesoma miaka yote ile, ana darubini na friji ya kuwekea vijidudu, na hakuuliza swali ambalo mwanamke asiyemaliza darasa la tatu angeuliza kwanza: mizizi hii imechimbwa wapi, na ni mkono wa nani uliochimba? Nilikuwa nimesimama mita mbili kutoka kwake. Angeuliza, pengine ningesema. Sikuapii, lakini pengine.

Baada ya miezi alirudi anang'aa. Alileta picha. Ilionyesha sahani ndogo ya kioo, imeota weupe kama maziwa yaliyoganda, na katikati duara safi kabisa, jeusi, kubwa kuliko sarafu. "Mama, tazama. Hii nyeupe yote ni ba-microbe. Hapa tulitia dawa yako, yote ikakufa." Nkambo wako aliishika ile picha kwa ncha za vidole. Unajua maneno aliyokuwa akivumilia kutoka kwa wale wa kikundi cha maombi, waliosema anachemsha mizizi gizani kama mchawi. Akasema, "Aksanti, Papa Profesa. Sasa batajua kama minye siko muloji." Akaibandika picha ukutani, kando ya ile ya Bikira Maria. Mimi nilijivuna kuliko yeye. Kazini niliwaambia watu: mama yangu, vitabuni!

Kuhusu vitabuni, subiri. Niliyaona makaratasi ya Profesa baadaye. Mti umepewa majina mawili ya Kilatini, na jina la aliyeuchora, na jina la aliyepiga picha. Nkambo wako ameandikwa "mwanamke mzee wa Likasi". Hata jina moja la Kiluba hakupewa. Watu waliopokea elimu ya maisha yake yote kwenye kiti cha plastiki, wakala na mihogo yake, walishindwa kuandika herufi tano.

Safari hiyo ya pili Profesa alitaka mizizi mingi zaidi. Nkambo wako akasema, nitakupeleka mwenyewe. Profesa na wasaidizi wake wakampandisha kwenye gari, mimi nikakaa nyuma, tukaenda hadi kilimani. Alishuka kwa fimbo, akawaonyesha miti yake mmoja mmoja kama mtu anayetambulisha jamaa zake. Kila mti aliusemesha kidogo. Wakachimba gunia zima. Nilikuwa pale, jembe mkononi. Nilijua kwamba gunia lile na mfuko wa kwanza havikutoka mahali pamoja. Nikaendelea kuchimba, nikajipa moyo kwamba kama mizizi ya mfereji ina nguvu hivyo, ya kilimani itakuwa na nguvu maradufu.

Haikuwa.

Mara ya tatu alikuja Jumapili, akatukuta nje ya kanisa baada ya misa, watu wamejaa. Hakukaa kwenye kiti chochote. Alimwambia nkambo wako, mbele ya akina mama wote wa parokia: "Mama, tulirudilia test mara tatu. Mizizi ya kilima iko faible sana. Ile ya kwanza ilikuwa na nguvu. Donc, mu ile ya kwanza mulitiamo kitu. Comprimé, ao nini?"

"Comprimé? Minye?"

Wapo kweli wauzaji wanaosaga vidonge vya dawa za hospitali na kuvichanganya na unga wa magome, ili mteja apone haraka na kurudi. Profesa alikuwa ameshakutana nao, na akamweka mama yangu kwenye kundi lao bila kufikiria mara mbili. Akina mama wakaanza kutazamana. Mmoja wa kikundi cha maombi akasema kwa sauti, "Tulijua." Walijua nini? Yule mama aliyesema vile, mtoto wake aliungua kifua kwa uji, na ni nkambo wako aliyemfunga vitambaa mwezi mzima! Nilitaka kumrukia. Na ningemrukia kwa haki gani, hali mimi ndiye niliyekuwa na jibu mdomoni na nikalimeza? Nilikuwa mtu mzima, nina mke, nina watoto, nina cheo kidogo kazini, na niliogopa watu wasije wakasema kwamba mimi ni mvivu. Kwa hofu hiyo ndogo nikamwacha mama yangu aitwe mwongo kwenye mlango wa kanisa.

Jioni alikuwa anatwanga majani ya sombe. Nilikuja kukaa karibu naye. Hakuacha kutwanga. Akaniuliza taratibu, "Weye, ile mizizi ya kwanza, uliitoaka fasi gani?"

Alikuwa ananifungulia mlango. Nilihitaji kuvuka tu.

Nikasema, "Kule ku kilima, mama. Fasi ya siku yote."

Akasema, "Sawa." Akaendelea kutwanga.

Alijua, mama. Alijua tangu ile siku aliposogeza sufuria kwenye mwanga. Na unajua alifanya nini? Akina mama walipokuja kumdadisi wiki ile, aliwaambia, "Njo minye nilichanganya mizizi. Macho haionake tena muzuri." Alijibebesha kosa langu ili mimi nisiaibike. Aliibandua ile picha ukutani. Papa Kasongo alipokuja na kidonda kingine, alimwambia aende hospitali, na Papa Kasongo akasimama uani akinung'unika kwamba yeye hataki mengine. Hakumchemshia. Kiangazi kilichofuata nkambo wako alikufa, na kwenye mazishi nilisikia watu wawili nyuma yangu wakinong'onezana habari za vidonge. Hata pale sikugeuka.

Sasa rudi kwenye sahani ya bukari. Miaka yote ile sikuelewa kwa nini mizizi ya mfereji ilikuwa na nguvu. Nilidhani ni bahati. Halafu wewe, mwenye jina lake, ukaniambia kwamba shaba yenyewe inaua vijidudu. Nikaona mfereji mbele yangu: maji yale ya kijani kibichi, majani makavu yanayokaa ndani yake bila kuoza, kingo zisizoota hata kuvu. Mizizi ile ilikunywa maji ya kiwanda. Duara lile zuri kwenye picha, nadhani, ni shaba iliyolichora, na mti haukuhusika sana. Papa Kasongo tulimwosha mguu kwa maji ya mfereji, akaungua, tukamwambia avumilie. Na nkambo wako alikuwa ameshasema yote hayo kwa sentensi moja kabla sijaota ndevu: muti inakunywaka. Hiyo ndiyo iliyokuwa elimu yake kubwa kuliko jina la mti, na hakuna aliyeiandika.

Nina hasira, umeshaona. Nina hasira na Profesa aliyechukua mti akaacha mahali. Nina hasira na bwana wa kipaza sauti anayewafanya wenye elimu wafikiri waganga wote ni kama yeye. Nina hasira na mfereji ule, unaoteremka hadi ziwani watu wanakovua, na kila mtu anaupita kama vile ni mvua iliyouleta. Na wewe nina hasira nawe kidogo, nikubalie. Mwaka jana uliandika kwenye kazi ya shule kwamba "wazee waliamini" miti fulani inaponya. Waliamini! Nkambo wako hakuwa anaamini, alikuwa anaangalia. Aliangalia kidonda leo, akakiangalia kesho, na kisichopona alikipeleka hospitali. Ukifika huko usije ukalitumia neno hilo tena juu yake.

Lakini sikutumi kwenda kumtetea, usinielewe vibaya. Jumamosi ya juma lililopita, uliponiona nimetoka na baiskeli alfajiri ukacheka kwamba mzee amepata mchumba, nilikwenda kilimani. Magoti yangu sasa ni kama ya kwake. Nilichimba kwenye miti yake ile ile. Miwili imekatwa kwa ajili ya makaa, mitano ipo. Hiyo ndiyo iliyofungwa kwa kitambaa chekundu, na kitambaa ni chake. Jumatatu iliyofuata nilikwenda mferejini, dakika kumi kwa miguu. Hiyo ndiyo iliyo kwenye plastiki. Kwenye kila furushi nimeandika mahali, siku, na mkono uliochimba, ambao ni wangu. Usiyachanganye, usiyaweke karibu, na nawa mikono ukitoka kwenye la plastiki.

Hutapima mwaka huu wala mwakani, najua. Kwanza utajifunza kushika kioo bila kukivunja, na mizizi mikavu inasubiri. Utakapopewa ruhusa, yapime yote mawili, na kabla ya kutafuta vijidudu tafuta shaba. Waombe wakuonyeshe namna. Ukiona la plastiki limejaa shaba na la kitambaa halina, utakuwa umejibu swali ambalo Profesa alilijibu mbele ya kanisa bila kuliuliza.

Na kama mizizi ya kilimani haiui kitu? Nimefikiria hilo njia nzima ya kurudi, nikikanyaga pedali. Pengine kilichokuwa kinaponya ni maji aliyochemsha, na kitambaa safi, na kuwafuata watu majumbani. Pengine ni nguvu kidogo ya mti pamoja na hayo yote. Sijui. Kama haiui kitu, andika kwamba haiui kitu. Nitaumia, nitalala bila kula, na kesho yake nitakuambia umefanya vizuri. Uongo mmoja umetutosha nyumba nzima. Ila mahali pa kuandika dawa imetoka kwa nani, usiandike mwanamke mzee. Andika Ngoie, mganga wa vidonda, wa Likasi, aliyechimba kilimani. Andika na jina la mwanawe aliyechimba mferejini. Lipo mgongoni mwa bahasha, na sitaki ulifiche kwa huruma.

Kama siku moja utamkuta Profesa, usimtukane. Yeye alikosa swali, mimi nilikosa jibu, na langu ni baya zaidi. Mpe kiti, mpe karatasi, mwache asome.

Nasikia mlango wa uani. Ni wewe, unamtania mama yako kwamba amekuunguzia blauzi. Una sauti yake kabisa ukicheka hivyo. Nimetaka kutoka nje nikwambie haya uso kwa uso, nimeinuka mara mbili, na mara mbili nimekaa. Basi nakuandikia kile ambacho ningepaswa kumwambia yule mwingine jioni ile ya sombe. Yeye nimemkosa, umebaki wewe mwenye jina lake, usikie kwa niaba yake:

Mama, ile mizizi ya kwanza haikutoka ku kilima. Njo minye niliichimba ku canal, nyuma ya usine. Nilichoka, nikaona njia ni mulefu. Weye haukuchanganya kitu.